Mkunga Aliyepima Magari kwa Mgongo Wake

Kila nirudipo Isiolo hukutana na mtu wa makamo anayemkumbuka, na kila anayemkumbuka huanza kwa kucheka. "Yule mama wa magari!" husema, kisha huigiza jinsi alivyokuwa akijilaza nyuma ya pikapu sokoni, mikono kifuani, macho yamefumbwa, kama maiti anayesubiri kuswaliwa. Nacheka nao kidogo kwa adabu, kisha hasira hunipanda. Mji ambao nusu ya vijana wake walipokewa duniani na mikono ya mwanamke mmoja umeamua kumhifadhi kama kichekesho. Naandika haya ili kichekesho hicho kielezwe sawasawa. Maana aliyejilaza mle hakuwa akifanya mzaha, na kilichomlaza kingalipo.

Ukoo wake siujui vya kutosha kuusimulia, na jina lake naliacha mahali alipoliacha mwenyewe. Wakubwa wake kazini walimwita Sista kwa sababu ya sare nyeupe. Wake wa wafugaji walimwita Mkunga, nami nikafuata wake wa wafugaji. Nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, jirani yake kwa miaka mingi ya sabini na michache ya themanini, tukitenganishwa na ua wa miiba tu. Yeye aliniita Mwalimu hadi mwisho.

Alitaka jambo moja. Kituo cha afya alichokitumikia, ambacho nacho sitakitaja kwa jina, kilikuwa na gari moja la wagonjwa, Lendrova ya rangi ya maziwa yaliyochacha. Alitaka aruhusiwe kuliendesha pindi dereva asipokuwepo. Leseni alikuwa nayo, tena aliipata kabla ya wanaume wengi wa mji ule kujua gia ya kurudi nyuma iko upande gani. Kila mkubwa mpya alipofika kituoni, Mkunga alimwendea na ombi lile lile, na kila mmoja alimjibu kwa maneno yaliyofanana kana kwamba walirithishana pamoja na kiti. "Sista, wewe umeajiriwa kuzalisha, si kuendesha." Ufunguo ulifungiwa katika droo. Mkubwa alipopanda kwao milimani mwishoni mwa wiki, na dereva naye akapanda kwao, droo ilibaki na ufunguo, gari likabaki na kivuli chake, na akina mama wakabaki na Mungu.

Mtu asiyejua hayo hawezi kuelewa mapenzi yake ya magari, na mji ulijitahidi sana usijue.

Kawaida yake ilikuwa hivi. Mfanyabiashara akileta gari jipya, Mkunga alikwenda kulitazama kabla mwenyewe hajamaliza kulifuta vumbi. Hakuuliza linakimbia kiasi gani. Alivua viatu, akapanda nyuma, akajifunika uso kwa kanga, akalala chali sakafuni, akasema, "Haya, nizungushe." Mwenye gari, akicheka, alimzungusha sokoni, akamvusha mtaro ulio karibu na kichinjio, akamrudisha. Watu walikuwa wamekwisha kujaa.

"Mkunga, umefika ama uko njiani?" mmoja angepiga kelele.

"Amelala! Mpeni chai!"

Naye angeketi polepole, ajishike kiuno, atoe hukumu. "Hii ni ya saruji." Au: "Hii itabeba mbuzi, lakini mbuzi watalalamika." Mchinjaji mmoja, aliyeingoja pikapu yake kama watu wangojavyo mvua, aliambiwa mbele ya wateja wake kwamba springi zake ziliundwa na mtu asiyekuwa na mama. Hakumsemesha mpaka mkewe aliposhikwa na uchungu.

"Mwalimu," aliniambia siku moja kupitia ule ua wa miiba, "wanaounda gari wanaanza na dereva. Dereva amewekewa kiti, kiti kimewekewa sponji, chini ya sponji kuna springi. Aliyelala nyuma amewekewa bati. Nani aliwaambia kwamba dereva ndiye mgonjwa?"

Nilimjibu kwamba pengine hawakulifikiria.

"Ndiyo maana nimekasirika," akasema. "Wangelifikiria wakakataa, ningewaheshimu."

Magari ya mbio aliyachukia kwa namna ya pekee, na hapa ndipo ninapolazimika kuwa mwangalifu, kwa kuwa chuki yake ilikuwa na ufa. Mwana wa tajiri wa biashara ya ngozi alirudi kutoka jijini na gari jekundu la milango miwili, lenye tumbo la chini kiasi kwamba lilikwangua changarawe tangu kizuizi cha polisi hadi mlangoni pa baba yake. Mkunga alilizunguka akiwa ameshika kidevu.

"Mama, hii ukikanyaga, kabla hujamaliza kusema bismillahi umefika mia," kijana alijigamba.

"Na mgonjwa nitamweka wapi? Kwa buti?"

"Lakini Mama, hii si gari ya wagonjwa!"

"Kwani wewe utakuwa mzima mpaka lini?"

Umati ulishangilia, kijana akainamisha kichwa. Hapo ndipo wasimuliaji wa mjini humalizia. Mimi nilikuwepo, nami naongeza walichokisahau. Umati ulipotawanyika alibaki pale, akamwomba kijana awashe injini, akanyage mafuta gari likiwa limesimama. Kijana akakanyaga. Ule mngurumo ulipanda, ukatulia, ukapanda tena, na Mkunga alikuwa amefumba macho, uso umelegea kama wa mtu aliyesikia sauti ya ndugu. "Rudia," alisema. Kijana akarudia. "Subhanallah. Akili yote hii," alisema alipofumbua macho, "na wameitumia kubeba watu wawili wasio na haraka."

Aliyapenda, basi. Ukutani kwake, kando ya kalenda ya msikiti, palikuwa na picha za magari ya mashindano alizozikata magazetini. Angeweza kula chakula na papo hapo akataja lori linaloteremka barabara ya Merti kabla halijaonekana: la nani, lina shehena au ni tupu, na maradhi yake ni yapi. Mara nyingine alikosea, maana masikio yake hayakuwa ya malaika; lakini hakukubali kamwe kwamba amekosea. "Basi wamebadilisha injini," angesema, na kuendelea kula. Nimekutana na wasomi walioshika hoja zao kwa ubishi mdogo kuliko huo.

Kuhusu pikipiki alikuwa na msemo: pikipiki ni nusu ya ahadi. Ofisi moja ilituletea pikipiki kwa ajili ya kliniki za mbali, na mgeni rasmi akahutubia kwamba sasa tatizo la usafiri wa akina mama limekwisha. Mkunga aliinua mkono hadharani. "Bwana mkubwa, hii itanipeleka mimi Oldonyiro. Nitafika, nitamwona mama, nitajua ana shida gani. Halafu nimrudishe vipi? Nimfunge nyuma kama kreti ya soda?" Mgeni alisema swali hilo ni zuri na litashughulikiwa. Halikushughulikiwa. Mkunga aliipanda hiyo nusu ya ahadi kwa miaka, sare nyeupe ikifura kwa upepo, kitambaa kimekazwa kichwani, mfuko wa vifaa mgongoni; na wachungaji wa barabara ya Oldonyiro watakuambia kwamba pasipokuwa na mifugo njiani alikwenda kasi ya kutisha. Nilimuuliza kuhusu hilo. "Nikiwa peke yangu," alijibu, "mgongo ni wangu."

Hukumu yake iliyonishughulisha zaidi ilihusu gari la betri. Mtaalamu mmoja kutoka ng'ambo alipita kituoni akiwa na jarida lenye picha ya gari dogo la umeme, la aina iliyokuwa ikisambaza maziwa nyumba kwa nyumba katika miji ya kwao. Alituonyesha sote, akasema hilo ndilo gari la kesho, halina moshi wala kelele.

"Na betri ikiisha?" Mkunga aliuliza.

"Unaichomeka kwenye umeme."

Alicheka mpaka akaketi. "Nikiwa Merti nichomeke wapi? Kwa mamba wa Mto Ewaso?"

Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, kicheko kiligeuka hasira. Alimweleza mgeni yule kwamba mwanamke aliye katika uchungu huko Merti husikia lori lingali mbali, na kusikia huko humtia nguvu ya kungoja. Sauti ya injini, alisema, ndiyo dawa ya kwanza kufika. Gari lisilo na sauti lingemkuta mtu amekwisha kukata tamaa. Mtaalamu alikunja jarida lake. Waliokuwepo walimsifu Mkunga kwa kumnyamazisha Mzungu, na jambo likaisha.

Kwake halikuisha. Siku kadhaa baadaye aliniita uani. "Mwalimu, lile gari la betri. Ni kweli halina sauti kabisa?"

"Walivyosema ndivyo hivyo."

Alikuwa ameshika ile pembe yake ya mbao, ambayo wakunga huiweka tumboni mwa mama na kutega sikio ili kusikia moyo wa mtoto. Aliigeuzageuza mkononi. "Ndani ya Lendrova sisikii kitu," alisema. "Dizeli inanguruma, bati linapiga kelele, naweka pembe tumboni nasikia gari. Toka Merti mpaka hapa sijui kama nabeba wawili ama mmoja. Lile la betri…" Akaiweka pembe sikioni. "Ningesikia njia nzima."

Hivyo alilikataa gari lile kwa ajili ya mama anayelingoja, akalitamani kwa ajili ya mtoto aliye ndani yake, na sijapata kusikia, wala kusoma, hoja iliyopimwa kwa uaminifu kuliko hiyo. Mji unakumbuka mamba tu.

Sasa nifike kwenye mashindano, ambayo yananiudhi hata leo kalamu ikiwa mkononi. Klabu moja ya jijini iliandaa mbio za magari, na njia yake ikapita katika barabara zetu za vumbi upande wa mashariki. Mji mzima ulitoka kutazama. Mkunga hakutoka, maana alikuwa Kinna, katika zahanati, na mwanamke ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama tangu jana yake. Alimtuma mtu aombe gari la wagonjwa. Jibu lilirudi kwamba gari halipo: limepelekwa kusubiri kwenye kona ya mto mkavu, endapo mmoja wa madereva wa mbio angepinduka. Nalirudia, ili lisidhaniwe kuwa ni kosa la kalamu. Gari la akina mama wa wilaya nzima lilikuwa limeegeshwa likingoja ajali ambayo haijatokea ya watu waliokwenda kuitafuta kwa hiari yao.

Alimpakia yule mama katika lori la mfanyabiashara. Lori likavunjika springi baada tu ya kuingia katika njia ya mashindano, ambayo haikufungwa kwa magari mengine. Ndipo akafanya kile ambacho kila dereva wa kaskazini hukifanya. Alikata matawi mabichi, akayatandaza barabarani. Huko kwetu tawi bichi katikati ya njia halihitaji maelezo: kuna mtu aliyekwama mbele, simama. Anayepita tawi bila kusimama hukataliwa maji hata kwenye kisima cha ndugu yake.

Gari la kwanza la mbio lilitokea. Dereva wake aliyaona matawi, akapunguza mwendo kwa ustadi mkubwa, akayakwepa kwa upande. Alipompita Mkunga aliyekuwa akipunga kanga, akatoa mkono dirishani akampungia kwa shukrani. La pili likafanya vivyo hivyo. Wao, kwa desturi ya mchezo wao, waliona matawi kama onyo ambalo watazamaji wema huwawekea madereva: kuna shimo mbele, jihadhari. Walimshukuru. Hilo ndilo lililomkaa kooni maisha yake yote. "Wangenipita kwa kiburi ningewalaani nikapoa," aliniambia. "Mwalimu, walinishukuru!"

Aliyesimama alikuwa dereva wa pikapu ya miraa, mmoja wa watu ambao Mkunga alikuwa amewatukana kwa miaka mingi kwa kukimbia kama waliofumaniwa. Magari ya miraa hayasimamii mtu, kwa kuwa jani hilo la kutafunwa likinyauka hakuna wa kulinunua. Huyu aliona tawi, akafunga breki.

"Ni nini, Sista?"

"Mama amekwama. Shusha mzigo."

Alitazama marobota yake, yaliyofungwa kwa majani mabichi ya migomba, akamtazama mwanamke. "Mzigo usishuke," alisema. "Mlaze juu yake."

Wakamlaza juu ya miraa. Baadaye Mkunga alikiri, kwa shida, kwamba halikupata kuwapo godoro bora kuliko lile katika wilaya yote: laini, baridi, lisiloruka. Yule dereva, bila kubishana, alikubali kusimama kila alipogongewa bodi, kuzima injini, na kungoja pembe isikilizwe. Mara ya kwanza Mkunga alisema, "Yupo." Mara ya pili pia alisema, "Yupo." Walipofika kwenye kona ya mto mkavu walilikuta gari la wagonjwa. Dereva wake alikuwa ameketi juu ya boneti, akila karanga. Ndani ya gari hilo mlikuwa na dripu na hewa ya oksijeni.

"Nisaidie," Mkunga alimwambia. "Ama nipe ufunguo niendeshe mwenyewe."

"Sista, mimi nimepewa amri nisitoke hapa."

"Nipe hata hiyo oksijeni."

"Nikipeana na mtu aanguke hapa, nitasema nini?"

Aliyenisimulia hayo ni mtu wa miraa, si Mkunga. Waliendelea. Waliposimama tena, karibu kabisa na mji, alisikiliza kwa muda mrefu, akaifuta pembe kwa kanga, akairudisha mfukoni. Mama aliishi. Mtoto alizaliwa kimya.

Wiki iliyofuata Mkunga aliitwa ofisini, akapewa onyo kwa kuweka vizuizi barabarani na kuhatarisha madereva. Alirudi nyumbani, akazibandua picha zote za magari ya mbio ukutani. Nilidhani amezichoma. Kumbe alizigeuza tu, akazibandika upya uso ukiwa ukutani. Nilipomuuliza maana yake alisema, "Zikae hivyo hivyo mpaka zijifunze kusimama." Toka hapo hukumu yake juu ya gari lolote ilianza na swali la kusimama. Vijana walimletea sifa za mashine mpya, yeye akauliza linasimamaje, na likiwa limesimama, nani anapanda.

Mimi nilihamia jijini kufundisha. Yeye alistaafu bila kuushika ule ufunguo hata mara moja, akahamia Kinna, akawa analima kishamba kando ya mfereji.

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nikitokea upande huo kuelekea Isiolo, adhuhuri, katika gari langu dogo la Kijapani, nilipoona tawi bichi njiani. Kisha jingine. Nilisimama. Mwanamke mzee alitoka kwenye kivuli kifupi cha mgunga, akanitazama, akalitazama gari, na ilikuwa wazi ni lipi kati yetu lililomvutia.

"Mwalimu! Hili ndilo ulilonunua? Mbona liko chini hivi?"

Nyuma yake, juu ya mkeka, alilala msichana mwenye mimba, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Sikuhitaji kuelezwa. Mkunga alifungua mlango wa nyuma, akakikandamiza kiti kwa kiganja, akaguna. "Mgongo wa mbuzi. Lakini litatufaa." Msichana na mama yake wakaingia. Mimi nilikuwa ningali kwenye usukani.

"Toka hapo," aliniambia.

"Mkunga, naweza kuendesha."

"Najua unaweza kuendesha. Kubeba hujui."

Nikatoka. Alivua viatu, akasogeza kiti mbele, akasema bismillahi. Katika maisha yangu sijaona gari likiendeshwa vile. Aliyesifiwa kwa kuruka na pikipiki alikwenda kama mtu aliyejitwika mtungi wa maji uliojaa. Kila shimo aliliona kabla halijatuona, akaliingia kwa gurudumu moja moja, akiliomba radhi. Na kila baada ya kitambo alisimama, akazima injini, akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akainama na pembe yake. "Yupo," alisema, akarudi usukanini.

Katika mojawapo ya visimamo hivyo niliona vumbi mbele yetu. Lilikuwa gari la wagonjwa la kituo kile kile, jipya sasa, likitoka mjini. Juu yake lilikuwa limefungiwa maturubai, na vioo vya nyuma vilionyesha viti vilivyopangwa hadi darini. Palikuwa na sherehe ya mkubwa fulani huko mbele. Nilishuka nikaanza kupaza sauti lisimame. Mkunga, bila kuinua kichwa tumboni mwa msichana, aliinua kiganja juu ili ninyamaze, asipoteze mapigo.

Dereva aliona kiganja kimeinuliwa. Alidhani anasalimiwa. Akatabasamu, akatupigia honi ndefu ya heshima, akapita.

Vumbi lilitufunika. Mngurumo ulichukua muda mrefu kuisha, na muda huo wote yeye alibaki ameinama, sikio kwenye pembe, akingoja dunia imnyamazie. Mama wa msichana alimtazama mdomoni.

"Yupo," alisema hatimaye.

Aliketi usukanini, akawasha, akatia gia taratibu. Tulikwenda kidogo, macho yake yakiwa njiani.

"Breki yao ya kushoto inasaga chuma," alisema. "Hawasikii."